Maswali ya Wasomaji: Okidi za Kitulo na maana ya kuwa "hatarini"

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Makete, aliniletea kwa simu picha ya ua la rangi ya waridi lililosimama peke yake katikati ya nyasi fupi za mlimani. Alinieleza kuwa ni okidi ya jenasi ya Disa, yaani kundi la spishi zilizo karibu kwa nasaba, kwamba imeota Kitulo, uwanda wa milimani katika Nyanda za Juu Kusini huko Bara, na kwamba okidi nyingi za milima ile zimo hatarini. Nilipowaonesha wanafunzi picha hiyo waliniuliza mambo matatu ambayo sikuweza kuyajibu. Ni nani anayeamua kuwa mmea umo hatarini, na anatumia kipimo gani? Kama mmea ni adimu, kwa nini usiletwe huku ukapandwa Kizimbani, kwenye shamba la viungo la Unguja, kama ulivyoletwa mkarafuu nao ukakubali? Na hatari yenyewe inatoka wapi, ikiwa pale mahali tayari ni hifadhi ya taifa?

Mwalimu wa skuli, Wete, Pemba

JIBU

Wa alaykum salaam, Maalim. Wafikishie wanafunzi wako shukurani zangu, kwani maswali yao yamegusa mambo ambayo hata watu wazima huyapita bila kuyauliza.

Kipimo kinachotumiwa karibu dunia nzima ni Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, linalojulikana zaidi kwa herufi zake nne, IUCN. Shirika hilo liliundwa mwaka 1948, na orodha yenyewe ilianza mwaka 1964. Mmea hauingizwi humo kwa sababu mtu fulani amesema siku hizi hauoni. Wataalamu hukusanya kumbukumbu za kila mahali ulipowahi kupatikana, zikiwemo sampuli za miaka mingi zilizokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi katika hazina za mimea kama ile ya Arusha na ile ya Kew nchini Uingereza, kisha huupima kwa vigezo vitano vinavyohusu kasi ya kupungua kwake, ukubwa wa eneo lake, idadi ya mimea iliyokomaa na uwezekano wa kutoweka katika miaka ijayo. Kwa majibu hayo mmea huwekwa katika daraja. Madaraja ya hatari ni matatu: ulio rahisi kudhurika, ulio hatarini, na ulio hatarini mno. Yanayofuata baada ya hapo ni kutoweka porini na kutoweka kabisa.

Kigezo cha eneo ndicho ninachopenda kukieleza kwa watu wa visiwani, kwa kuwa sisi tunajua vizuri maana ya kuishi mahali padogo. Mmea ambao maskani yake yote, ukiyazungushia mstari kwenye ramani, hayafiki kilomita za mraba 5,000 unaweza kuhesabiwa kuwa hatarini, na usiofikia kilomita za mraba 100 unaweza kuhesabiwa kuwa hatarini mno. Pemba yote ina takriban kilomita za mraba 1,000. Hata hivyo udogo wa eneo peke yake hautoshi. Ni lazima ionekane pia, kwa mfano, kwamba mmea umebaki sehemu chache tu na kwamba sehemu hizo zinaendelea kuharibika. Waambie wanafunzi wako wakumbuke historia ya karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikanusurika. Kuanzia hapo karafuu ikawa zao la Pemba zaidi kuliko la Unguja. Kama mikarafuu yote ya Zanzibar ingekuwa Unguja, siku moja ingetosha kuimaliza. Mmea wa mlimani uliobaki kwenye uwanda mmoja umo katika hali hiyo hiyo, hata kama leo ukienda utaukuta umechanua kwa maelfu. Kwa hiyo wingi wa maua kwenye picha moja si ushahidi kwamba mmea uko salama.

Tena daraja si muhuri wa kudumu, na mfano wa jambo hili mnao hapo hapo kisiwani. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani, katika miaka ya 1990 aliwekwa katika daraja la hatarini mno kwa sababu ya kuwindwa na kukatiwa miti anayolala. Wanavijiji walipoanza kumlinda, Kidike ikiwa miongoni mwa mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hiyo, idadi yake ilipanda kutoka hali ya kukatisha tamaa hadi maelfu mengi, na mwaka 2008 alishushwa hadi daraja la walio rahisi kudhurika. Nalitaja hili kwa furaha, kwa kuwa linaonesha kwamba watu wa kawaida, wakiamua, wanaweza kubadilisha neno lililoandikwa katika orodha ya dunia.

Sasa nije kwenye mkarafuu na Kizimbani. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, ambako kuna joto, mvua nyingi na upepo wa bahari, ukaletwa kwenye visiwa vyenye joto, mvua na upepo wa bahari. Ulibadilisha kisiwa, lakini haukubadilisha hali ya maisha. Uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Juni na Julai umande wake huganda juu ya majani ukawa kama chumvi. Pemba haina kilima kinachofika hata mita 150. Okidi ya kule huutumia msimu huo wa ukame na baridi kulala chini ya ardhi, na hutoka tena mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Ukiileta kwetu, itakosa majira yanayoiambia ni lini ilale na ni lini iamke.

Liko na jambo zito kuliko baridi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Tumba moja linaweza kuwa na maelfu ya mbegu, lakini hakuna hata moja iliyofungiwa chakula ndani yake kama ilivyo kwa punje ya mahindi au ya kunde. Ili iote ni lazima ikutane na kuvu wa aina inayopatana naye, ambaye huishi ndani ya udongo na kuilisha katika siku zake za mwanzo, na mmea unaweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Kuvu huyo naye anautegemea udongo wa nyasi zile ambao haujapinduliwa kwa jembe. Ukiing'oa okidi ukaileta na kifurushi cha udongo, umeuleta mmea mmoja na kuuacha nyuma ukoo wake wote wa maisha: kuvu, wadudu wanaobeba chavua, na nyasi zinazoupa kivuli chepesi. Bustani na hazina za mbegu zina kazi yake, nami siidharau, lakini kazi hiyo ni ya akiba. Mmea wa nyasi za mlimani huhifadhiwa kwa kuzihifadhi nyasi zenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la tatu, na niruhusu nilikalie kidogo.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Ina kilomita za mraba 412.9, kati ya safu za Kipengere, Poroto na Livingstone, na husemwa kuwa ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ndani yake zimehesabiwa spishi 350 hivi za mimea, na 45 kati yake ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu tangu zamani. Anayepanda kutoka Chimala kwenda Matamba hupita kona 57 za barabara ya mlimani, na akifika juu hukuta uwanda usio na miti, ambao mgeni asiyeujua anaweza kuuona kama ardhi tupu.

Neno hilo la "ardhi tupu" limeleta madhara makubwa. Msitu ukikatwa, kila mtu huona visiki na kusikitika. Nyasi zikilimwa, wengi huona maendeleo, kwa sababu wanadhani hapakuwa na kitu. Kabla ya kuwa hifadhi, uwanda wa Kitulo uliwahi kutengwa kwa ufugaji wa kondoo na baadaye ng'ombe wa maziwa, na pande zake zimekuwa zikitafunwa na mashamba ya mbatata na pareto. Mahali pengine pa nyanda hizi hupandwa misindano, kwa imani kwamba kupanda mti popote ni kuhifadhi. Mti wa kigeni katikati ya nyasi za asili hunyima okidi mwanga na hubadilisha udongo, na mbegu zake huruka na upepo zikaota mbali na zilipopandwa. Nimeona watu wema kabisa, wenye nia safi, wakipanda miti juu ya maua ambayo hayapo kwingine.

Hatari ya pili ni jembe la mchimbaji. Okidi hizi zina kiazi chini ya ardhi, na upande wa Zambia kiazi hicho hupikwa chakula kiitwacho chikanda: husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na magadi, kisha huchemshwa mpaka kiwe kigumu cha kukatwa vipande. Huko ni chakula cha heshima, na sioni sababu ya kuwalaumu watu kwa kukipenda. Mahitaji yalipozidi na okidi za kwao zikapungua, wafanyabiashara walivuka mpaka kuja Nyanda za Juu Kusini, ambako viazi hivyo huitwa pia kinaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivushwa kwa mwaka vilifikia hadi milioni 4, kutoka jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria. Na ubaya wake ni huu: mmea mmoja kwa kawaida huwa na viazi viwili, kimoja cha mwaka jana kilichonywea na kimoja kipya kilichobeba uhai wa mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kipya. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia guniani ni mmea uliokufa, na kama umechimbwa kabla ya kuangusha mbegu, umekufa bila mrithi.

Kutangazwa kwa hifadhi kuliwapa walinzi nguvu ya kisheria, lakini mpaka wa hifadhi haukuzikusanya nyasi zote. Mabaki mengi yako nje, katika safu za milima na kwenye ardhi za vijiji, na mchimbaji aliyezuiwa ndani huhamia nje. Moto nao una sura mbili. Nyasi za mlimani zimeuzoea moto, na ziko okidi zinazochanua vizuri baada ya uwanda kuungua. Lakini moto unaorudi kila mwaka mahali pale pale, au unaowashwa wakati machipukizi yameshatoka, huunguza kile ambacho ungekisaidia kama ungekuja kwa wakati wake. Ndiyo maana walinzi wa hifadhi za nyasi hawapigani na moto tu, huupanga pia.

Wanafunzi wakikuuliza kama okidi ile ya pichani imo hatarini, Maalim, wafundishe kuuliza kwanza jina kamili la spishi, kwa sababu daraja hupewa spishi moja moja wala si jenasi nzima. Ndani ya Disa wamo wenye eneo pana kutoka nchi hadi nchi, na wamo wenye milima michache tu. Mmojawapo huitwa Disa ukingensis, na jina lake la pili limetokana na Ukinga, nchi ya Wakinga huko Makete. Nadhani wanafunzi wako watapenda kujua kwamba jina la nchi hiyo ya Wakinga limo katika vitabu vya mimea vya dunia nzima.

SWALI

Mimi ni mama mfanyabiashara, nauza mbatata hapa mjini Unguja. Mzigo wangu hutoka Njombe na Mbeya. Mwanangu amenisomea kuwa kilimo cha mbatata ndicho kinachomaliza maua ya milimani huko Bara. Jambo hili limenikaa moyoni. Je, biashara yangu ina mchango katika uharibifu huo, na kama ndiyo, nifanye nini?

Mfanyabiashara, Mjini, Unguja

JIBU

Mama yangu, nashukuru kwamba jambo hili limekukaa moyoni, lakini usilibebe peke yako. Mbatata inapenda baridi na udongo mzuri wa milimani, yaani inapenda kile kile kinachopendwa na okidi, na ndiyo sababu vitu hivi viwili hugombea mahali pamoja. Kila sahani ya urojo na kila fungu la chipsi hapa Unguja lina uhusiano na milima ile. Mkulima wa Makete naye ana watoto wa kusomesha, na pale mbatata ndiyo karafuu yake.

Tatizo liko katika namna zao linavyoongezwa. Ziko njia mbili za kupata magunia mengi zaidi: kuvuna zaidi katika konde lile lile, au kufungua konde jipya kwenye nyasi. Wakulima wengi hupanda mbegu waliyoibakisha kwenye mavuno yao wenyewe, ambayo mwaka baada ya mwaka huzidi kubeba maradhi, na mavuno yakishuka hulazimika kupanua shamba. Mbegu safi, ya aina zinazotafitiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, humwezesha mkulima kuongeza mavuno bila kugusa nyasi. Nyasi za asili zikishalimwa, hata shamba likiachwa miaka mingi, kinachorudi ni magugu na nyasi za kawaida. Okidi huchelewa mno kurudi, au hairudi kabisa.

Liko jambo moja lililo mikononi mwako moja kwa moja, nalo ni lumbesa. Unajua gunia lililojazwa mpaka likavishwa kilemba, likapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo. Mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo, na ziada yote ile ni jasho lake lisilolipwa. Anayepunjwa namna hiyo atatafuta fidia mahali pekee anapoweza kuipata, yaani kwenye ardhi zaidi. Ukikubaliana na wenzako wa sokoni kwamba mtanunua kwa mizani na kukataa lumbesa, mtakuwa mmefanya jambo la haki kwa mkulima, na kwa maoni yangu mtakuwa mmezifanyia wema nyasi zile kuliko hotuba nyingi.

Nawe una haki ya kujua kwamba nyasi hizo zinakutumikia hata kwa njia nyingine. Uwanda wa Kitulo hufyonza mvua kama sifongo na kuiachia polepole kwenye vijito vinavyoshuka bonde la Usangu na kuungana kuwa Mto Ruaha Mkuu, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu kabla ya kuingia Rufiji. Umeme wa Bara hufika Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Sehemu ya nuru inayowaka juu ya meza yako imetoka kwenye maji ya milima yenye mito ya namna hiyo.

SWALI

Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na nitakwenda Kitulo na wenzangu mwezi wa Januari. Je, naruhusiwa kuchukua kiazi kimoja cha okidi kwa ajili ya bustani ya chuo? Kimoja tu, na kwa ajili ya elimu.

Mwanafunzi, Tunguu, Unguja

JIBU

Hapana, mwanangu. Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kung'oa mmea wowote bila kibali cha utafiti, na okidi zote duniani zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ambao Tanzania imeuridhia. Hata kama sheria isingekuwepo, nimeshaeleza hapo juu kwamba kiazi hicho kingekufia Tunguu kabla ya muhula kwisha.

Unachoweza kuchukua ni picha, na picha nzuri ina thamani kubwa kwa wanaopima hali ya mimea hii. Januari ni wakati mzuri, kwani maua huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili. Wengi hupiga ua peke yake, kwa karibu, kisha mtaalamu hushindwa kulitambua. Piga mmea mzima kuanzia kwenye udongo, piga jani, piga ua kutoka mbele na kutoka ubavuni ili kichomozo chake kilicho kama pembe kionekane, kisha andika tarehe na kimo cha mahali. Tembea kwenye njia, kwa sababu mimea michanga ya okidi ni midogo kuliko ukucha na haionekani chini ya kiatu. Na ukiziweka picha zako mtandaoni kwa watu wote, usitaje mahali halisi ulipozipiga. Taja wilaya tu. Wachimbaji nao wana simu.